Unga Chini ya Karai

Barani, Malindi
9 Februari 1986

Mwanangu Dzombo,

Mimi mzima, Jedida mzima. Kama wewe si mzima huko kwenye baridi ya Uskochi utasema mwenyewe. Sitaki kupoteza mstari kukuuliza. Karatasi ni ndogo na nina mengi.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama palepale posta, watu wananipita wakidhani nimefiwa. Kumbe ati hoja yangu umempelekea msimamizi wako, naye kasema inafaa! Mimi Kioko, mstaafu tangu Desemba, niliyefundisha pembetatu miaka ishirini na saba kwa watoto waliokuwa wakitazama dirishani! Ukiwemo wewe.

Juzi Jedida kaniuliza tena, "Hivi wewe na huyo mtoto wa Kadii wa Adu mnatafuta nini hasa?" Nikamwambia: tuseme moshi umetanda humu nyumbani, pengine mzito, pengine mwepesi. Simama popote. Jizungushie chungu cha kuwazia tu, wewe uko katikati yake. Kiwe kidogo, kiwe kikubwa, kiwe cha kila ukubwa. Kwa kila ukubwa pima wastani wa moshi ulioigusa ngozi ya chungu. Kisha tupa vipimo vyote, ubaki na kile kikubwa kuliko vyote. Fanya hivyo kila mahali unapoweza kusimama. Swali letu ni moja: hivyo vipimo vikubwa vikikusanywa pamoja, vitabaki ndani ya mipaka ya moshi wenyewe, au vitalipuka visishikike?

Akaniambia, "Na mkishajua, moshi utapungua?" Huyo ndiye mke wangu.

Kwa chungu cha duara kamili wenzetu walishamaliza kazi miaka kumi iliyopita: kizingiti ni moja na nusu. Pandisha kila kipimo kwa namba iliyopita hapo kabla ya kujumlisha, mambo yanatulia. Shuka chini yake, yanalipuka. Mimi nasema hata chungu chenye kitako bapa kidogo kina kizingiti hichohicho, mradi kikiwekwa sakafuni kiguse kwa nukta moja tu. Nukta ni nukta, haina upana. Itamdhuru nani? Hatua zote sita unazo. Zitumie, ni zako.

Mama yako alipita hapa na gunia la mihogo. Anasema urudi na digrii au urudi na mke, asikuone mikono mitupu.

Mwalimu wako,
Kioko


Uskochi
3 Machi 1986

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama pia, shikamoo.

Sura ya tatu ya tasnifu yangu sasa imesimama juu ya hoja yako, na sura ya nne imesimama juu ya ya tatu. Nimeipa jina la Hoja ya Kioko. Nimeliandika kwa herufi kubwa, nikalitazama hadi chai ikapoa.

Tarehe ya mwisho ya kukabidhi ni tarehe thelathini Septemba. Siku hiyohiyo ufadhili wangu unakwisha, na chuo cha Nairobi kinaningoja nikafundishe ikiwa nitakuwa na digrii mkononi. Nisipokabidhi, basi, nitarudi Adu kulima mahindi na wala sijui kulima. Lakini sina wasiwasi. Kilichobaki ni kuandika hatua zako sita kwa urefu, jinsi wanavyotaka wao, kila neno na sababu yake.

Naomba usinitumie korosho tena. Zilifika zikiwa unga, na mtu wa forodha alinihoji nusu saa.

Mwanafunzi wako,
Dzombo


Barani
30 Machi 1986, Pasaka

Mwanangu,

Leo nimetangazwa kanisani! Sikuomba, walinilazimisha. Haya, niliomba kidogo. Mchungaji akasema, "Jina la Mwalimu wetu litachapishwa Ulaya," watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na Njoroge mwenye duka la vifaa, ambaye hajawahi kunisalimia kwanza, kaja kunishika mkono. Hoja ya Kioko! Baba yangu alikuwa akichunga mbuzi kule Mwingi na hakujua kuandika hiyo Kioko yenyewe.

Nimefurahi, Dzombo. Sina neno la kisomi la kuongeza hapo.

Jedida tu ndiye aliyenikalia kooni njiani tukirudi. Kauliza swali la jikoni kuhusu vyungu vyangu. Kesho nitamwonyesha kwa vitendo, anyamaze.

Kioko


Uskochi
22 Aprili 1986

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo.

Habari za kanisani zimenifurahisha mno. Mvua huku haikatiki. Kazi inaendelea vizuri.

Ikiwa Mwalimu ana nafasi, na wala si lazima, naomba anikumbushe alivyotoka hatua ya tatu akafika ya nne. Bila shaka ni mimi sijaelewa.

Dzombo


Uskochi
22 Aprili 1986

Mama Jedida,

Shikamoo Mama.

Barua hii naituma kwa sanduku la posta la kina mama wa kanisa ili Mwalimu asiione. Nisamehe. Sina mwingine wa kumwambia.

Hatua ya nne ina tundu. Mwalimu anasema nukta haina upana, kwa hivyo kitako cha chungu kinaweza kuachwa nje ya hesabu. Nilipoanza kuiandika kwa urefu, sababu haikutokea. Nimeitafuta wiki tatu. Sijui kama hoja ni kweli na mimi ndiye sioni njia, au si kweli kabisa. Sura mbili zimelala juu yake, na Septemba si mbali.

Mama, nitamwambiaje? Sijamkosoa Mwalimu maishani mwangu. Siku moja tukiwa kidato cha pili aliandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Tulikuwa watu arobaini darasani. Wote tulinakili hamsini na nne, na hakuna aliyeinua mkono. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sasa ameshatangazwa mbele ya watu.

Nimeamua nilizibe tundu mwenyewe kimyakimya, asijue kamwe. Nikishindwa nitasema wakubwa wa huku waliikata sura kwa sababu ya urefu. Naomba uniambie tu kama ana afya nzuri, na usimwambie neno.

Mwanao,
Dzombo


Barani
15 Mei 1986

Dzombo,

Hatua ya nne inatoka kwenye ya tatu, kama jina lake linavyosema.

Nimefikiri juu ya lile jina. Liondoe. Tasnifu ni yako na jasho ni lako. Mimi mtu mzima, majina ya kuchapishwa ni ya vijana. Na kama ungeweza kuiacha sura ya tatu kabisa ukaandika mambo mengine, pengine ingekuwa bora zaidi. Ni wazo tu.

Macho yananisumbua. Sitaandika kwa muda.

Kioko


Barani
17 Mei 1986

Mwanangu Dzombo,

Marahaba, marahaba, na kaa kitako unisikilize.

Barua aliyokuandikia mzee Alhamisi usiamini hata mstari mmoja. Macho yake hayana kitu! Jana kaniona nikijiongezea kijiko cha sukari, yeye yuko ukumbini na mimi niko jikoni. Alichonacho ni aibu.

Wewe umeniomba nisimwambie. Yeye kaniomba nisikwambie. Mimi nimekaa katikati kama mhimili wa nyumba, nabeba paa la huku na la huku, na kusema kweli nimechoka. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nilinyamaza nikidhani wanaume wawili waliosoma watamaliza wenyewe. Sasa nasema, na akikasirika akasirike.

Ni mimi niliyemwuliza siku ile ya Pasaka. Nilisema, "Baba, nina chungu kipya cha Rabai, kitako mviringo. Nina pia karai langu la kukaangia mahamri, ambalo tangu tuhamie Barani nimeligongagonga hadi kitako kimekuwa bapa. Vyote viwili ukiviweka chini vinagusa sakafu padogo tu katikati. Lakini ukitia mkono pembeni, chini ya chungu vidole vinaingia, chini ya karai haviingii. Wewe wasema ni mamoja?" Akacheka. Akasema ngoja nikuonyeshe.

Jumatatu asubuhi natoka kufua, namkuta amepiga magoti sakafuni jikoni. Kilo mbili za unga wangu wa ngano, amezichekecha chini kama anapaka chokaa! Kaweka chungu juu ya unga, kakiinua, kapima duara lililoshika unga kwenye kitako, kwa uzi wangu wa cherehani. Kaweka karai, kaliinua, kapima. Kapunguza unga, kapima tena. Nikaanza kumfokea, hakunisikia. Mara ya nne au ya tano kaketi chini kabisa, suruali ya kanisani imejaa unga, kaniambia, "Jedida, nimemwangamiza mtoto wa watu."

Nikamwambia mwandikie leo hii. Kasema hawezi. Kasema, "Mwalimu akimpa mwanafunzi jibu la uongo akajengea nyumba, anasemaje?" Tangu hapo hali chakula sawasawa, na kanisani anakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Njoroge akimpongeza anajifanya anakohoa.

Yale maandishi ya siku ile aliyaficha ndani ya Biblia, kwenye Maombolezo. Nimeyatoa na kuyatia humu. Sijui yanasemaje, lakini kosa likijulikana na watu wawili ni zuri kuliko likijulikana na mmoja mmoja.

Mwandikie yeye, si mimi. Na ule.

Mama yako,
Jedida


Uskochi
9 Juni 1986

Mwalimu wangu,

Shikamoo.

Hatua ya nne si kweli.

Nimeandika, na dari halijaniangukia. Nimeirarua barua hii mara tano kabla ya kukubali kuiacha jinsi ilivyo. Nililijua tundu tangu Aprili, Mwalimu, nikanyamaza. Nikakuuliza kwa kuzungukazunguka, nikidhani hiyo ndiyo heshima. Unisamehe.

Karatasi yako ya unga ninayo. Usimkasirikie Mama, ameniokoa. Pembeni umeandika kwamba umeniangamiza. Mwalimu, soma ulichokiandika katikati! Unga ukipunguzwa unene mara nne, eneo la duara la chungu cha Rabai linapungua mara nne. La karai linapungua mara mbili tu. Basi hapo ndipo penye jambo lote. Nukta haina upana, kweli, lakini ujirani wa nukta una upana, na karai lina majirani wengi. Na unga huo ukiwa ndio moshi wetu, mtu popote aliposimama anaweza kuchagua ukubwa wa karai ambalo kitako chake kitagusa sakafu yenye unga. Kwa hiyo kila mtu anapata kipimo kikubwa mno kutokana na unga kidogo. Lazima vipimo vilipuke.

Mimi wiki saba nzima nilikuwa naziba tundu la ndoo isiyo na kitako. Nilitaka kuthibitisha moja na nusu, na moja na nusu haipo! Kwa karai lako, ambalo kitako chake kinapanda kwa kipeo cha nne, kizingiti ni mbili. Nilipolijua hilo nikaacha kusukuma ukuta, nikapita mlangoni. Siku tisa tu, Mwalimu, na nimepata uthibitisho, nimeutia humu, kwamba ukipita mbili mambo yanatulia. Chukua kitako bapa zaidi, cha kipeo cha sita, kizingiti ni tatu. Cha kipeo cha nane, ni nne. Sikuzote nusu ya kipeo. Sura ya tatu imekuwa nzuri kuliko ilivyokuwa, na ya nne imesimama juu yake bila kutikisika.

Msimamizi wangu aliitazama karatasi yako kwa muda mrefu. Unga bado umeshika kwenye kona. Akauliza, "Huyu bwana yuko chuo gani?" Nikamjibu, "Yuko Barani." Akaandika.

Naomba ruhusa jina lako libaki. Si kwenye hoja, bali kwenye mfano unaoivunja.

Dzombo


Barani
29 Juni 1986

Dzombo,

Wiki saba!

Heshima gani hiyo ya kuniacha nitembee na suruali iliyochanika nyuma, nawe unatazama pembeni ati nisione haya? Nilikufundisha hivyo mimi? Nimejiuliza, na jibu limenichoma. Ndiyo, nilikufundisha hivyo mimi. Fimbo ilikuwa mezani miaka ishirini na saba, na mtoto aliyeinua mkono nilimwuliza kwanza ametumwa na nani. Na mimi kwa upande wangu nilijua tangu Jumatatu ya Pasaka, nikakuandikia upuuzi wa macho. Tungechapwa wote wawili.

Nilipofika pale unaposema hatua ya nne si kweli nililia. Jedida alidhani ni msiba. Nikamwambia huu si msiba, mwanangu amenisahihisha. Akasema, "Basi lia uingie ndani, majirani wanaona."

Leo asubuhi kanisani nimesimama bila kuitwa. Nikasema, ndugu zangu, siku ya Pasaka mlinipigia makofi kwa jambo ambalo si kweli. Nimekosea, na jinsi nilivyokosea nimegundua mwenyewe, sakafuni, kwa unga wa mke wangu, na mwanafunzi wangu amekwenda mbele kuliko mimi. Nikasema moyoni, haya, ndiyo basi. Halafu Njoroge kasimama kasema hajapata kusikia mtu mzima akikiri kosa bila kusukumwa na polisi, kaanza kupiga makofi peke yake, na wengine wakafuata. Makofi ya leo yalikuwa mengi kuliko ya Pasaka. Kisha kina mama walimzunguka Jedida, wote wanataka kuliona karai.

Ruhusa umepata, kwa sharti moja. Uandike yote mawili: kwamba Kioko alisema hivi, na kwamba Kioko alionyesha si hivyo. Usinifichie la kwanza.

Uthibitisho wako nimeupitia wote kwa siku nne. Uko sawa, ila ukurasa wa saba umesahau alama ya kutoa, na hilo halikuniudhi, lilinifurahisha, maana nilianza kudhani huna tena haja nami. Sasa kabidhi kazi ya watu.

Wako,
Kioko

Jedida anasema unalo deni la kumpelekea habari mama yako mapema. Kasema pia mimi nakula. Nakula sana.


Uskochi
21 Novemba 1986

Mwalimu wangu na Mama yangu,

Shikamooni.

Nimefaulu. Walinihoji kwa muda wa saa mbili na nusu. Mtahini mmoja aliyetoka mbali aliufungua ukurasa wa Mfano wa Kioko, akasema huu ndio alioanza nao, na kwamba yeye mwenyewe miaka miwili aliamini ile moja na nusu. Nairobi wananitaka Januari. Nimemwandikia mama yangu Adu, na nimemwambia kuhusu mke asubiri kidogo.

Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi katika chumba hiki kidogo. Natamani kuwa Barani.

Dzombo


Barani
14 Desemba 1986

Daktari!

Nimelisema kwa sauti nikiwa peke yangu, nikalisema tena. Daktari Dzombo wa Adu. Jedida kapika mahamri ya watu thelathini, wakaja hamsini, na mama yako Kadii alicheza hadi kanga ikamfunguka. Sijawahi kuona nyumba hii imejaa namna hiyo, na hakuna aliyeondoka kabla chai haijaisha.

Nilidhani nikishastaafu siku zitakuwa ndefu. Zimekuwa fupi. Asubuhi naketi kibarazani na karatasi, mchana Jedida ananinyang'anya nile, jioni narudi. Mwanangu, niko radhi na maisha yangu, na sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuliandika jambo hilo waziwazi.

Sasa kazi. Nimepata jambo jipya, juu ya chungu kilichobonyezwa upande mmoja tu. Nakutumia kurasa mbili. Safari hii nina hakika kabisa, nimehakikisha mara nne, na Jedida nimemkataza kuuliza swali lolote. Zisome kabla hujapanda ndege.

Kioko


Uskochi
4 Januari 1987

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo.

Ukurasa wa pili, mstari wa tisa: umekosea. Sababu nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Nitafika Barani tarehe kumi na saba.

Mwanao,
Dzombo